Mbu Niliowafuga Mwenyewe

Kwa miaka mingi nilijihesabu mtaalamu wa mbu. Kila kitanda nyumbani kilikuwa na chandarua, madirisha yote yalikuwa na wavu, na giza likianza kuingia mimi ndiye niliyepita chumba hadi chumba nikifunga vioo na kupuliza dawa, kopo mkononi kama askari wa zamu. Mgeni akija kulala nilimwelekeza jinsi ya kuchomeka chandarua chini ya godoro hata kabla hajavua viatu. Mke wangu alinitania kwamba mbu wakinisikia nakohoa wanahama mtaa.

Basi binti yetu wa pili, wakati huo ana miaka 8, alipoamka asubuhi moja mwili unawaka moto, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Haiwezekani." Pole ilikuja baadaye. Kipimajoto kilisoma nyuzi 39.6. Mgongo unauma, magoti yanauma, na jambo moja nililolipuuza kabisa: alisema macho yanamuuma kwa ndani akiyageuza kutazama pembeni. Nikadhani ni maneno ya mtoto asiyetaka kwenda shule.

Hospitalini wakamtoboa kidole. Kipimo cha haraka cha malaria kikatoka mstari mmoja, yaani hana. Nikamgeukia mke wangu kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi. Daktari, mama wa makamo aliyekuwa akiandika huku anatusikiliza, hakuinua kichwa.

"Baba, mtoto anaumwa na mbu saa ngapi?"

"Haumwi, daktari. Analala ndani ya chandarua tangu azaliwe."

"Sikuuliza analala wapi. Nimeuliza saa ngapi."

Nikanyamaza. Mke wangu akainua gauni la mtoto kidogo, na kuanzia vifundoni hadi chini ya magoti kulikuwa na vidoa vyekundu nilivyokuwa naviona kila siku na kuviita upele wa joto. Damu ikachukuliwa tena kwa kipimo kingine. Jibu lilikuwa dengue.

Nilipompigia mama yangu simu kumweleza, hakushangaa hata kidogo. "Kidingapopo hiyo," alisema. "Nakuja."

Daktari alinieleza kwa ufupi kilichonipita miaka yote ile. Mbu niliyekuwa napigana naye, Anopheles, anayebeba malaria, ni mtu wa usiku, na shughuli yake imepamba moto watu wakiwa usingizini. Huyu wa dengue, Aedes, ni mweusi mwenye mabaka meupe na pete nyeupe miguuni, na anauma mchana kweupe, hasa saa za mwanzo za asubuhi na tena alasiri mpaka jua linapozama. Anapenda kuuma chini, miguuni, na akishtuliwa anahama kwenda kuuma kwingine, kwa hiyo mmoja tu anaweza kuwapitia watu wa nyumba nzima. "Umeweka mlinzi wa usiku," alisema, "na mwizi wako anaingia mchana."

Dengue haina dawa yake maalumu. Tulipewa kazi tatu: maji ya kunywa kwa wingi, parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, na macho. Daktari alisisitiza tusimpe aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kuleta kutoka damu na dawa hizo zinaongeza hatari hiyo. Nilimwitikia kwa kichwa, lakini tumbo lilinikata. Chupa ya ibuprofeni ya watoto ilikuwa juu ya kabati, na usiku uliotangulia nilikuwa nimeshaifungua. Sikumpa kwa sababu moja tu: kijiko hakikuonekana.

Kisha akatuambia jambo ambalo mzazi hulitegemea kinyume. Homa ikianza kushuka, kati ya siku ya 3 na ya 7, hapo ndipo pa kukaa macho zaidi, maana ndipo mishipa ya damu inapoweza kuvuja maji na hali ikageuka ghafla. Akatutajia alama: tumbo kuuma sana, kutapika kusikoisha, fizi au pua kutoka damu, mtoto kulegea au kuhangaika bila sababu, mikojo kuwa michache. Mke wangu aliandika yote nyuma ya kadi ya kliniki.

Siku ya 5 homa ilishuka. Mtoto aliomba uji, akacheka na kaka yake, na mimi nikaanza kumwambia kila aliyepiga simu kwamba tumeshavuka. Saa 2 usiku akatapika. Saa 3 akatapika tena, akashika tumbo. Nikasema labda ni uji. Mke wangu hakujibu, aliigeuza tu ile kadi akaniwekea mbele ya uso. Tulilala hospitali usiku huo, mtoto ana dripu mkononi na muuguzi anakuja kila baada ya muda kumpima presha na kuuliza amekojoa mara ngapi. Kulipokucha alikuwa anagombania rimoti ya televisheni ya wodi. Naambiwa wengi hupona bila kufika huko, nami naamini, ila bila ile kadi ningebishana na uji mpaka asubuhi.

Mama alishafika siku ya 3. Alimkuta mtoto amelala kochini sebuleni, mchana, bila chandarua. Sikuona tatizo, kwani ugonjwa si ameshaupata? Mama akatoa chandarua chumbani, akakifunga kwenye msumari wa saa ya ukutani, akamfunika nacho. Daktari alipoulizwa baadaye alimuunga mkono: siku za homa virusi vimejaa kwenye damu ya mgonjwa, mbu akimuuma anavibeba, na baada ya siku kama 8 hadi 12 ana uwezo wa kuwapa wengine nyumbani. Nilikuwa nimemlaza binti yangu pale kama mezani, wenye nyumba wengine tukisubiri zamu yetu.

Baada ya hapo mama akaomba tochi.

Mimi nilimwambia huko nje hakuna madimbwi, nilikuwa nimefukia yote. Hakutoka nje. Alianzia jikoni, akanitaka nivute friji. Nyuma, chini kabisa, kuna kisahani kinachopokea maji yanayoyeyuka. Tangu tununue lile friji sikuwahi kujua kwamba kipo. Akamulika. Akaenda bafu la wageni, ambalo halitumiki, akamulika ndoo. Akaenda barazani, visahani vya chini ya vyungu vya maua. Kila mahali aliguna tu, "Mh," akasonga mbele, nami nyuma yake kama mtoto anayesubiri kuchapwa.

Mwisho akaingia chumba cha watoto. Juu ya meza ya kusomea kulikuwa na mtungi wa kioo wenye mmea unaotambaa, mizizi ndani ya maji. Niliuweka mwenyewe ili watoto waone mizizi inavyokua. Maji nilikuwa naongeza yakipungua, kuyamwaga, sikumbuki. Mama akaweka tochi ubavuni mwa mtungi.

Walikuwa wananing'inia kichwa chini, mkia umegusa uso wa maji, kama herufi zilizomwagika kitabuni. Hicho kimkia ndicho wanachopumulia. Kivuli cha mkono wake kilipopita juu, wote walishuka chini kwa pamoja wakijinyonganyonga, kisha mmoja mmoja wakaanza kupanda tena. Baadhi walikuwa wamenenepa kichwani na kujikunja kama alama ya mkato. Hao, mama alisema, wamebakiza kama siku 2 waote mbawa.

"Baba," aliniambia, taratibu, tochi bado imewaka, "hawa umewafuga wewe."

Binti yangu alikuwa anakaa kwenye meza ile kila siku kuanzia saa 10 jioni, miguu chini ya meza kwenye kagiza kadogo, akifanya kazi za shule. Mimi saa 12 ndipo nilipokuwa naanza kupuliza dawa.

Siku ile tulimwaga kila kitu. Nilijisikia mshindi tena, na tena mapema mno. Wiki 3 baadaye mvua ilinyesha na visahani vya barazani vikajaa. Nilipoenda kutazama siku ya 5, viluwiluwi wamo. Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Kumbe Aedes hatagi majini hasa; anabandika mayai ukutani mwa chombo, kidole kimoja juu ya maji, na mayai yale yakikauka hayafi. Yanaweza kukaa makavu miezi mingi yakisubiri maji yarudi. Kumwaga peke yake ni kumwaga maji. Chombo kinataka kusuguliwa kwa brashi na sabuni, hasa ule mstari wa uchafu unaoonyesha maji yalifika wapi.

Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi tunazunguka nyumba. Kwa nini kila wiki? Kwa sababu kwenye joto, kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10, na ukipita kila siku ya 7 wengi unawakuta hawajaota mbawa. Watoto ndio wawindaji, maana wana macho makali na hawaoni aibu kulala kifudifudi. Wameshakuta viluwiluwi kwenye kifuniko cha chupa, kwenye toroli la kuchezea, kwenye mikunjo ya turubai lililofunika matofali, na ndani ya mfereji wa paa ulioziba majani, ambako mimi ndiye niliyelazimika kupanda ngazi. Tangi la maji lilikuwa na kifuniko, lakini kilikuwa na ufa wa kuingiza vidole viwili. Tuliweka wavu mwembamba chini yake na kuukaza kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Pipa la maji ya kufulia lilikuwa limefunikwa kwa ubao. Ubao unazuia majani tu. Mbu anapita pembeni kwa raha zake.

Jirani yetu ana bustani nzuri, na mpaka wake umepambwa kwa matairi yaliyolala. Nilipojifunza kwamba Aedes kwa kawaida haendi mbali, kwamba wengi huishia ndani ya mita mia chache kutoka walipozaliwa, nilimwendea kwa pupa nikamwambia matairi yake yanawaumiza wanangu. Akanisikiliza, akaniaga, akafunga mlango. Ilinichukua wiki kuelewa kwamba ningefanyiwa hivyo ningefunga mlango kwa kishindo. Mama, kabla hajaondoka, alichota maji ya tairi moja lililolalia upande wetu, akayatia kwenye glasi, akaenda kumsalimia mke wa jirani. Sijui walizungumza nini. Jioni mwenyewe mume alikuja na drili, akaniomba nimshikie matairi huku akiyatoboa matundu chini.

Pesa nilizotupa sitaki kuzihesabu. Nilinunua kifaa cha kuchomeka ukutani kinachodai kufukuza mbu kwa mlio usiosikika. Mbu walikuwa wanatua juu yake. Nilinunua taa ya buluu ya kuua wadudu, ikaua nondo na kumbikumbi kwa mamia, na mbu wachache wa kubahatisha. Dawa ya mbu ya kuwasha, ile iliyojiviringisha kama konokono, inapunguza mbu kweli, lakini niliiwasha ndani ya chumba kilichofungwa na mdogo wao akakohoa usiku kucha. Sasa tukiiwasha ni barazani.

Kilichosaidia hakina mbwembwe. Feni ndogo sakafuni chini ya meza ya kusomea: mbu anaruka kwa shida penye upepo, na pumzi yetu anayoifuata inatawanywa. Suruali na soksi nyepesi alasiri. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, yenye DEET au picaridin, kabla ya shule, nikiipaka kwanza viganjani mwangu, kisha kwenye miguu na mikono ya mtoto, nikiepuka macho, mdomo na vidole vyake kwa kuwa vidole vya mtoto havikawii kuingia kinywani. Kichanga wa chini ya miezi 2 hapakwi kabisa. Tulikuwa naye mmoja mwaka uliofuata, na ulinzi wake ulikuwa chandarua juu ya kitanda chake, mchana na usiku.

Hapo ningeweza kunyamaza nikabaki na heshima yangu. Lakini kuna sehemu ya pili.

Mwaka ule mzima akili yangu ilihamia mchana. Nilimjua Aedes kwa sura na tabia. Vyandarua vikawa mazoea tu; kimoja kilichanika pembeni tundu la kupita ngumi na nikakiacha, kingine nilikifua kwa dawa ya kutoa madoa na kukianika juani, vitu viwili ambavyo maelezo yake yanavikataza. Chandarua chenye dawa kinataka sabuni laini na kivuli, na tundu linataka sindano na uzi. Kisha nikasafiri siku 4 kwenda kwa ndugu, kwenye nyumba iliyo karibu na mabonde yenye maji. Usiku wa kwanza nikasikia mlio sikioni, nikajifunika shuka. Changu kilibaki nyumbani kikilinda kitanda kitupu.

Siku ya 12 baada ya kurudi nikapata homa, kutetemeka, kichwa. Nikawatangazia nyumbani kwa sauti ya mjuzi: dengue. Nikanywa maji. Nikanywa parasetamoli. Nikakataa aspirini kwa majivuno. Siku mbili nzima nikaugua ugonjwa nisiokuwa nao, kwa kufuata masharti yote sawasawa. Homa ilikuwa inakuja na kuondoka, na kila ikiondoka naamka kitandani kusema si mnaona. Siku ya 3 nilishindwa kushika kikombe. Mke wangu alinipeleka akiwa hasemi, na kimya chake nakijua.

Mistari miwili. Malaria.

Yule daktari alikuwa zamu. Alinitazama muda, akaniuliza ni nani aliyenipima dengue. Nikasema hakuna. Akaniuliza kama najua kwamba homa hizi mbili zinaweza kuanza sawasawa, na kwamba malaria kali inaweza kumgeuka mtu ndani ya siku chache. Nilijua. Ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimesoma hadi takwimu za Shirika la Afya Duniani, kwamba mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000, wengi wao watoto wa Afrika wasiotimiza miaka 5, nikazisoma kama habari za watu wengine.

Nilipewa dawa mseto ya siku 3. Siku ya pili jioni nilijisikia mzima, nikauliza kama vilivyobaki naweza kuvihifadhi kwa ajili ya siku nyingine. Mke wangu alisimama mbele yangu na glasi ya maji mpaka nilipomeza cha mwisho.

Jina malaria, kwa Kiitaliano cha zamani, ni hewa mbaya. Watu waliamini ugonjwa unatoka kwenye mvuke wa mabwawa. Ilikuwa mwaka 1897, Agosti 20, huko India, ndipo Ronald Ross alipokuta vimelea vya malaria kwenye tumbo la mbu aina ya Anopheles. Na chikungunya, ambayo pia huletwa na Aedes, jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kujipinda kwa jinsi viungo vinavyouma, baada ya mlipuko uliotokea kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Nilipokuwa kitandani nilimweleza binti yangu haya yote. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza kwa nini basi sikubeba chandarua.

Sasa kipo kimoja kwenye begi la safari, hakitoki. Kilichochanika kimeshonwa, si vizuri, lakini kimeshonwa. Na homa ya mtu yeyote nyumbani haipewi jina mpaka kidole kitobolewe, nikiwemo mimi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa bado nanyoa ndevu nikasikia miguu ikikimbia kutoka chumbani kwetu. Binti yangu, sasa ana miaka 11, alisimama mlangoni na kikombe ninachoweka miswaki ya zamani juu ya dirisha, tochi mkono wa pili. Aliinamisha kikombe ili nione maji kidogo yaliyotuama chini, na kitu kimoja chembamba kikijinyonganyonga ndani yake.

"Baba," alisema, "umefuga tena."